Kuvua kwa mshipi katika vijito vya mikoko vya Lamu: mwongozo kamili

Mgeni akifika Lamu na kusema anataka kuvua, aghalabu hupelekwa nje, ng'ambo ya miamba, kwenye nguru na jodari. Mimi nakuelekeza ndani. Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na ndani ya mikoko hiyo mnapita vijito chungu nzima: vingine jahazi lageuka bila taabu, vingine mtumbwi hupita kwa kuinamisha kichwa. Humo mna changu, chaa, tewa na kolekole, na wote hawakufugwa na mtu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Agosti hivi, bahari ya nje haiingiliki kwa chombo kidogo, lakini nyuma ya Manda, Takwa na upande wa Kipungani maji hubaki na utulivu wa kutosha kuvua.

Uvuvi huu hauhitaji pesa nyingi. Unahitaji mshipi, ndoana, chambo, na kuyajua maji. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, nami nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko penginepo.

Maji kwanza

Kabla ya kununua hata ndoana moja, angalia mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mara mbili kila mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano, mchana na usiku. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji mafu ni kinyume chake. Yako karibu na tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi mwandamo, na tofauti yake huweza kuwa mita 1 tu au zaidi kidogo. Kujaa kwake huangukia asubuhi ya saa nne au saa tano. Kila siku inayopita, saa ya maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi, unaweza kukadiria maji ya kesho na kesho kutwa bila simu wala kitabu, na makadirio hayo yatatosha kwa kijito.

Jambo la pili ni kwamba maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Gawa kina chote mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 maana yake ni kwamba saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 tu, hata hushughuliki nayo, kisha saa ya tatu peke yake yanashuka sentimita 75. Hapo ndipo watu hukwama. Mtu ametulia, samaki wanakula, akitazama pembeni matope yameshatokeza na mtumbwi umekaa juu ya tope. Kijito cha Takwa kina sifa hiyo: ukiingia wakati maji yamejaa utafika hadi karibu na magofu ya mji wa kale wa Takwa, lakini ukichelewa kutoka utasubiri maji yarudi, na jua la Lamu halikuonei huruma.

Sasa, samaki hufanyaje? Maji yakijaa, huyafuata. Huingia kati ya mizizi, huenda mbali ndani ya msitu ambako kuna kaa wadogo, kamba na konokono, na kule mshipi wako hauwafikii bila kunasa. Maji yakitoka, hulazimika kurudi, na hurudi kwa njia zile zile: mifereji midogo inayomwaga kwenye kijito. Maji yanayotoka hubeba kamba na vidagaa, na samaki wakubwa hukaa kwenye mdomo wa mfereji wakisubiri chakula kiwafikie. Ndiyo maana mimi nayapenda maji ya kutoka kuliko ya kuingia. Wako wavuvi wanaopenda kinyume, na hawakosi hoja, kwa sababu maji ya kuingia ni meupe na samaki huona chambo kwa mbali. Lakini anayeanza aanze na maji ya kutoka: samaki wamekusanyika mahali panapojulikana.

Utaratibu wangu ni huu. Ninaingia kijitoni saa mbili kabla ya maji kujaa, navua kwenye mdomo mpana wa kijito samaki wakiwa wanapita kuingia. Maji yakisimama, napumzika, natafuta chambo, nala. Yakianza kutoka, nasogea kwenye mifereji, na hapo kuna saa tatu ambazo sizibadilishi na kitu. Baada ya hapo natoka, hata kama bado wanakula.

Siku gani? Bamvua kubwa huleta mkondo mkali mno kwenye njia kuu kama Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, hata chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, halikai chini. Lakini huvijaza vizuri vijito vya ndani. Maji mafu hayafiki ndani, na samaki hubaki kwenye mkondo mkubwa, ambako unaweza kuvua karibu kutwa nzima bila kuhangaika. Zilizo bora kwa kijito ni siku za katikati, tarehe 4 hadi 6 na 18 hadi 20: maji yanakwenda, hayakimbii. Mvua kubwa ya masika ikimwagika, maji ya ndani huchafuka na kupungua chumvi. Vua midomoni mpaka yasafike.

Vifaa

Chukua mshipi wa nailoni wa unene wa milimita 0.5 au 0.6, mita 40 zatosha. Mwembamba zaidi ya huo utakatwa na chaza walioota kwenye mizizi. Mnene zaidi, changu atauona. Uzungushe kwenye kibao au chupa ya plastiki, usiuache lundo miguuni. Mwisho wake weka kigwe, kipande cha nusu mita cha nailoni nyembamba kidogo, milimita 0.4. Kigwe kikikwama na kukatika, unapoteza ndoana moja badala ya mshipi.

Ndoana huuzwa kwa namba, na kwa hizi ndogo namba ikiongezeka ndoana inapungua. Kwa chaa nunua namba 12 au 14, kwa changu namba 8 hadi 10, kwa tewa namba 5 au 6. Hakikisha ncha. Ipitishe juu ya ukucha wa kidole gumba bila kusukuma: ikiteleza ni butu, inoe kwa tupa ndogo, ikikwaruza ni kali. Ndoana mpya nyingi za bei rahisi huja butu, na hili peke yake huwapotezea watu samaki kuliko sababu nyingine yoyote niijuayo.

Chubwi la risasi ndilo la kawaida, lakini risasi ni sumu, na kwenye mikoko chubwi hupotea mara kwa mara. Nati ya chuma kutoka kwa fundi wa baiskeli, au jiwe dogo lililofungwa, hufanya kazi ile ile. Tumia jepesi kadiri mkondo unavyoruhusu. Chambo kinachosogea polepole juu ya tope humvutia samaki kuliko kilichokaa kama msumari.

Kufunga: pitisha ncha ya kigwe kwenye tundu la ndoana, izungushe juu ya uzi wenyewe mara 5 au 6, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha vuta taratibu mpaka fundo likae. Usivute likiwa kavu, nailoni huungua kwa msuguano na kuwa dhaifu hapo hapo penye fundo. Chubwi lifunge kwa uzi hafifu wa pamba, urefu wa shubiri, unaoning'inia kutoka pale mshipi unapokutana na kigwe. Likinasa kwenye mzizi, vuta: uzi wa pamba hukatika, ndoana na samaki hubaki.

Mengine ni madogo. Kipira cha kuvalia kidole cha shahada, kilichokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kisu. Koleo. Kitambaa kibichi. Kofia, maji ya kunywa, na kata ya kumwagia maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo.

Chambo

Kamba mbichi anashinda vyote, kwa sababu ndiye wanayemla humo humo. Wanunue kwa wavuvi asubuhi, au watafute mwenyewe kwa kimia wakati maji yanapotoka. Akiwa hai, mpitishe ndoana chini ya pembe ya kichwani, ukikwepa lile doa jeusi linaloonekana ndani. Ukilichoma hufa papo hapo. Akiwa amekufa, vunja mkia, menya, uvishe kwenye ndoana ukianza upande mnene, na ncha itokeze kidogo.

Ngisi hudumu kwenye ndoana kwa muda mrefu, wala samaki wadogo hawamdonoi haraka. Mkate vipande vyembamba kama kidole kidogo cha mkono. Simsimu, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, hunukia vizuri na humvuta tewa, ila hulainika upesi. Mkizi hashiki ndoana kirahisi, chakula chake ni tope na mwani, lakini nyama yake ikikatwa ni chambo kizuri mno kwa kolekole na mzia. Vyovyote utakavyotumia, kifunike kwa kitambaa kibichi kivulini. Chambo kilichooza kwa jua huwavuta fumi tu.

Kukisoma kijito

Ukiwa na nafasi, pita mara moja wakati maji yamekupwa kabisa, bila mshipi. Kijito kitakuwa wazi mbele yako. Utaona pindo ambapo maji yamechimba upande mmoja na kuacha kina, utaona mti ulioanguka, mifereji, na mashimo chini ya ukingo. Weka alama kichwani kwa miti: mlilana uliopinda, mchu mkubwa, mwanya kwenye mikoko. Maji yakirudi, alama hizo ndizo zitakazokuonyesha kilichofichika.

Kwenye kona, samaki hukaa upande wa nje wa pindo, wenye kina. Mahali mfereji unapomwaga, hukaa pembeni mwa mtiririko, kwenye maji yaliyotulia, wakitokeza kichwa kunyakua kinachopita. Nyuma ya gogo maji huzunguka, na humo chaa hukusanyika. Chini ya mizizi minene kwenye kina, hapo yuko tewa, na akitolewa mmoja, baada ya siku chache mwingine huhamia. Kivuli nacho ni mahali: jua la saa sita huwasukuma samaki chini ya matawi.

Samaki huelekea mkondo unakotoka. Kwa hiyo wewe kaa upande wa juu wa mkondo, mbali kidogo, na umpelekee chambo kwa maji. Usipite juu yake.

Kuingia na kutulia

Mtumbwi mdogo ni bora kuliko boti ya mashine. Zima mashine mdomoni mwa kijito, endelea kwa pondo au kafi. Pondo lisigonge ubao: mlio wa mbao hupenya majini mbali sana, na changu aliyesikia mlio hali chochote kwa muda mrefu. Jiwe la nanga lishushe kwa mkono, polepole, lisirushwe. Kisha kaa kimya dakika kumi kabla ya kutupa mshipi. Dakika hizo wengi hawazitoi, na hudhani kijito hakina samaki.

Kwenye Mkanda usitie nanga katikati ya njia. Maboti hupita kwa kasi baina ya Mokowe, Lamu na Pate, na njia ni nyembamba. Sogea ukingoni.

Ukiwa mgeni wa mahali, tafuta mvuvi wa Matondoni, Kipungani au Shela, mwombe uende naye mara ya kwanza. Mpe salamu yake kamili, muulize maji yakoje, mwache yeye achague saa. Mzee aliyekulia kwenye vijito hivi atakuonyesha kwa siku moja yale ambayo ungeyatafuta mwaka mzima.

Kuvua

Tupa mshipi juu ya mkondo, kidogo zaidi ya pale unapolenga, uache ushuke ukisogea. Chubwi likigusa chini utalihisi: mshipi hulegea. Kaza mpaka uwe umenyooka lakini haujavutwa, ulaze juu ya kidole cha shahada chenye kipira. Kuanzia hapo kazi yote ni ya kidole hicho.

Chaa hudonoadonoa, haraka haraka, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Usimvute kwa kila mdono. Subiri mshipi uanze kwenda, kisha vuta kwa mkupuo mmoja mfupi wa kiganja. Ana mdomo laini, ukivuta kwa nguvu ndoana huchana.

Changu hugonga mara mbili, hunyamaza, kisha huondoka nacho. Pale anapoondoka ndipo pa kuvuta. Hupigana kwa kuinamia chini, nawe usimpe uzi mlegevu hata kidogo.

Tewa hana mchezo. Hushika mara moja na kukimbilia shimoni, na urefu wa safari yake ni mita moja au mbili tu. Usimsubiri. Ukihisi uzito, vuta mikono miwili mfululizo mpaka ametoka kwenye mizizi. Ukimpa nusu sekunde amekwisha kujibana ndani kwa mapezi. Akishaingia, usivutane naye, mshipi utakatwa na chaza. Ulegeze kabisa, ufunge kwenye tawi au ubao wa mtumbwi, mwache dakika tano. Mara nyingi hudhani hatari imepita na hutoka mwenyewe. Ukiona mshipi unatembea, sasa vuta.

Kolekole ni habari nyingine. Yeye hupenda kukimbia, naye mwache akimbie, mshipi upite kidoleni kwa kubanwa kiasi. Akichoka, rudisha. Mzia ana meno yanayokata nailoni kwa mara moja. Ukiona vigwe vinakatika kwa ukali kama vimepigwa kisu, weka kipande cha waya mwembamba cha shubiri moja juu ya ndoana.

Na tafi? Wamejaa humo, lakini ni wala mwani, hawajali kamba wako. Waachie wenye madema.

Chambo cha manyoya

Nyakati fulani, hasa jua likichwea na maji yakiingia, utaona mikizi wadogo wanaruka kutoka majini kwa makundi. Chini yao kuna kolekole au mzia. Hapo kamba hana kazi, samaki wanataka kinachokimbia, na inafaa uwe na ndoana ya manyoya tayari.

Kuitengeneza ni kazi ya robo saa. Chukua ndoana yenye shina refu, namba 5 au ndoana kubwa kuliko hiyo. Ishike kwenye koleo, zungusha uzi wa cherehani kuanzia tundu hadi kwenye pindo. Weka manyoya mawili meupe ya shingo ya jogoo, moja kila upande, ncha zake zipite ndoana kwa urefu wa kidole. Yakaze kwa uzi mara kumi. Juu yake ongeza nyuzi chache zilizochambuliwa kwenye gunia la nailoni jeupe, nazo hung'aa majini. Malizia kwa mafundo matatu na tone la gundi, uache ikauke usiku kucha. Manyoya yasiwe mengi. Yakizidi, huzunguka na kusokota mshipi. Yakiwa machache huchezacheza kama kidagaa.

Usitie chubwi, au tia dogo kabisa. Rusha mbele ya kundi, si katikati yake, uhesabu hadi tatu, kisha rudisha mshipi kwa mivuto mirefu isiyolingana: mmoja wa haraka, mmoja wa pole, simama kidogo, tena haraka. Kolekole hupiga aghalabu pale unapoanza tena baada ya kusimama.

Hatari za humo

Vaa viatu vya kufunga ukishuka kwenye tope. Chaza hukata kama wembe, na kidonda cha matope huchelewa kupona. Kioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo. Ukitembea kwenye maji ya magotini buruta miguu, usiinyanyue, ili taa aliyejizika mchangani akimbie badala ya kukanyagwa. Fumi, ngogo na tafi wana miiba yenye sumu mgongoni na kwenye mapezi ya mbavuni au tumboni. Wabane kwa kitambaa, au kata kigwe uwaachie. Ukichomwa, tia kiungo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza makali ya sumu hiyo na maumivu yake. Mwiba ukibaki ndani, au uvimbe ukizidi, nenda hospitali.

Usiku kuna samaki, lakini usitoke kabla ya kuulizia ruhusa kwa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wako. Huko huko utaelezwa kuhusu leseni. Na ukielekea kaskazini, kuanzia Kiwayu hadi Kiunga, unaingia kwenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1979, yenye masharti yake.

Wa kuchukua, wa kuachia

Vijito hivi ndiko samaki wengi wa miamba ya nje wanakokulia. Changu mdogo unayemtoa hapa ndiye ambaye angekuwa changu mkubwa kule nje kwa mvuvi mwingine. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo ukichukua wadogo unamaliza wazazi wa kike, na ukichukua kila jitu unamaliza wa kiume. Mimi nachukua wa kati, wachache, kiasi cha chungu cha nyumbani na cha jirani. Yeyote asiyefika urefu wa kiganja na vidole vyake hurudi majini.

Kumwachia nako kuna namna yake. Lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humwondolea ule utelezi unaomkinga na maradhi. Usimwinue kwa kumbana tumbo wala kumtia vidole kwenye matamvua. Ndoana ikiwa mdomoni, itoe kwa koleo kwa njia ile ile iliyoingilia. Ikiwa amekwisha kuimeza, usichokonoe: kata kigwe karibu na mdomo, kwani wengi huishi nayo wakiachwa hivyo. Ili kurahisisha, bonyeza jino la ndoana, kile kichomozo kilicho nyuma ya ncha, kwa koleo kabla ya kuanza kuvua. Utapoteza samaki mmoja mmoja, si wengi, mradi hulegezi mshipi.

Mizizi usiikate kutafuta njia. Mshipi ulionasa ufuate kwa mtumbwi uutoe wote. Nailoni iliyoachwa humo huendelea kunasa kaa na ndege kwa miaka.

Wa nyumbani mkate koo mara tu anapotoka, damu imwagike, mtoe matumbo na matamvua kabla hujafika ufuoni. Mlaze kwenye barafu iliyopondwa, si ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Kama barafu haipatikani, mfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, upepo ukimpita, na ulimwagie maji kila linapokauka. Kwa joto la kaskazi samaki wa namna hiyo atastahimili saa chache tu, basi panga maji yako ili ufike nyumbani kabla ya adhuhuri.